Mtoto Mmoja, Wasimulizi Wengi

Hotuba ya kampeni nayo ni fasihi. Msinune. Ina msimulizi, ina wahusika, ina hadhira iliyokuja tayari kupiga makofi, na mara nyingi ina mwandishi mwingine kabisa aliyejificha nyuma ya pazia akiichonga sentensi kwa sentensi. Tofauti yake na hadithi tunazosomeana Jumamosi ni kwamba mhusika wa hotuba yupo kweli. Makofi yakiisha anarudi nyumbani, anashikwa na mafua, anakua. Ndiyo maana nimeona niichukue hotuba moja ya Marekani pamoja na maandishi yaliyoizunguka, nivisome kama tunavyosoma riwaya: nani anasema, nani kanyamazishwa, na nani anafaidi.

Hotuba yenyewe ni ya Sarah Palin, aliyekuwa Gavana wa Alaska. Aliitoa St. Paul, Minnesota, tarehe 3 Septemba, 2008, alipokubali kuwa mgombea mwenza wa John McCain kwa tiketi ya Republican. Siku tano tu kabla ya hapo Wamarekani wengi walikuwa hawalijui hata jina lake. Alikuwa na miaka 44 na watoto watano. Wa mwisho, Trig, alizaliwa tarehe 18 Aprili mwaka huohuo akiwa na hali ya Down.

Kwa asiyejua: hali ya Down ni kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada, ile inayoitwa ya 21. Haiambukizi, si laana, wala si malipo ya mama aliyemcheka mlemavu njiani. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na hujifunza taratibu kuliko wenzao. Lakini hukua. Huko Marekani mwaka 1983 mtu mwenye hali hii alitazamiwa kuishi miaka kama 25. Siku hizi ni kama 60. Ishikeni hiyo 60, tutaihitaji.

Sasa tuingie ukumbini. Hotuba iliandikwa kwa sehemu kubwa na Matthew Scully, mtu aliyekwisha kumwandikia Rais George W. Bush. Ni kazi safi, tusione haya kusema. Ina kejeli, ina mapigo, inajua pa kupumzika. Katikati Palin anaitambulisha familia yake, halafu anazigeukia familia zenye watoto wenye mahitaji maalumu na kuziahidi kwamba zitakuwa na rafiki na mtetezi katika Ikulu. Ukumbi ukalipuka. Na mtoto mwenyewe? Miezi minne na nusu, amelala, anapokezanwa mkono hadi mkono mbele ya kamera. Dada yake wa miaka saba alipompakata, akalamba kiganja chake akamlaza nywele kichwani. Hilo halikuandikwa na Scully. Kwangu mimi ndilo lililokuwa tendo la kweli kuliko yote usiku ule, maana yule binti hakuwa anamwonyesha mtu yeyote. Alikuwa anaweka nywele za mdogo wake sawa.

Baada ya hapo nchi ikagawanyika wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza wakasema: mwanamke shujaa huyu, alipimwa mimba ikiwa changa, akaambiwa mtoto ana Down, na bado akamzaa. Wa pili wakasema: mama gani huyu, mtoto mchanga mwenye matatizo kama hayo, yeye yuko kwenye ndege anazunguka majimbo? Wengine wakavuka mipaka kabisa wakavumisha kwamba mtoto si wake. Jamani! Soma vizuri uone kwamba kambi zote zinafanya kitu kimoja. Mtoto amegeuzwa ushahidi. Mmoja anamtumia kumtetea mama, mwingine anamtumia kumshtaki, na hakuna hata mmoja anayeuliza habari za Trig kwa ajili ya Trig.

Shangazi yangu wa Tandika analea binti mwenye hali hiyohiyo. Siku moja nilikwenda kumsalimia nikamsimulia habari zote hizi, na makofi, na Ikulu, na ushujaa. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Sasa mwanangu, huyo mama akienda kuhutubia anamwacha na nani?"

"Ana mume, shangazi. Na wasaidizi bila shaka."

"Haya. Mimi mwenye kuniachia huyu wangu nikaenda hata Kariakoo, sijampata miaka kumi na moja."

Akaendelea na mchele wake. Binti yake aliwahi kurudishwa mlangoni na shule moja hapo jirani, mwalimu akasema hawana mahali pa kumweka. Msidhani shangazi alikuwa anamsuta Palin kwamba hakai nyumbani. La. Alikuwa anaulizia mfumo: nani yupo, analipwa nini, na asipokuwepo inakuwaje. Swali ni lilelile walilouliza wale wakali wa Marekani, lakini kwao lilikuwa fimbo ya kumchapia mwanamke, kwake lilikuwa swali la mtu anayetafuta jibu.

Kwamba lilikuwa fimbo ya wanawake, ushahidi uko Uingereza. David Cameron alichaguliwa kuongoza Conservative Desemba 2005 akiwa na mtoto wa miaka mitatu, Ivan, mwenye mtindio wa ubongo na kifafa kikali. Mtoto yule alihitaji uangalizi usiku na mchana. Baba hakuandamwa kwa swali la anamwacha na nani. Aliambiwa kwamba mateso yamemfanya awe mtu. Ivan alifariki Februari 2009 akiwa na miaka sita, na Bunge likaahirisha maswali kwa Waziri Mkuu siku hiyo. Gordon Brown, hasimu wake, ambaye naye alifiwa na binti mchanga mwaka 2002, alisimama akasema maneno machache. Hapo siasa zilinyamaza, na zilistahili kunyamaza.

Ila hadithi haikuishia makaburini. Cameron akawa Waziri Mkuu 2010, na mwaka 2012 serikali yake ikapitisha sheria iliyoiondoa ile posho ya zamani ya walemavu na kuweka nyingine yenye upimaji mpya. Walemavu wengi walilia. Alipobanwa Bungeni alijibu kwamba yeye mwenyewe ameshawahi kuijaza ile fomu ya posho kwa ajili ya mwanawe. Huo ni utaratibu wa usimulizi ninaouogopa. Nafsi ya kwanza imetumika kama komeo: mimi nimepitia, kwa hiyo wewe nyamaza. Na sisi vijana tunaandika sana kwa "mimi". Tuitazame vizuri hiyo "mimi" kabla hatujaiachia ifunge mlango.

Turudi kwa Palin, maana kuna neno moja linalonisumbua: uamuzi. Tarehe 1 Septemba, 2008, familia yake ilitangaza kwamba binti yao wa miaka 17 ana mimba, na wazazi wakasema wanajivunia uamuzi wake wa kuzaa. Chama chao wakati huohuo kilikuwa na ilani iliyotaka katiba ibadilishwe ili uamuzi wa namna hiyo usiwepo tena. Sitaki hapa kuanza mjadala wa kutoa mimba. Mwenye msimamo wake na abaki nao. Nazungumzia ufundi wa hadithi. Shujaa ni mtu aliyefika njia panda. Ukiifuta njia moja, umebaki na mtu anayetembea barabarani kama kawaida, hakuna cha kupigia makofi. Walimpongeza kwa kuchagua, huku wakisema kuchagua kusiwepo. Hadithi ile ilikuwa na nyufa tangu msingi.

Yeye mwenyewe nadhani alilijua hilo, na hapa nampa haki yake. Aprili 2009 alihutubia chakula cha jioni cha watu wanaopinga utoaji mimba huko Evansville, Indiana. Mbele ya watu hao, wa mwisho kabisa ambao ungetaka kuwaambia, alikiri kwamba alipogundua ana mimba akiwa safarini, mbali na kwao, mahali ambapo hakuna aliyemjua, lilimpitia wazo kwamba jambo lile lingeweza kumalizwa kimyakimya. Kwa dakika tu, alisema. Lakini alilisema. Kama mnataka kujifunza kuandika mhusika, acheni ile ya St. Paul iliyopigwa pasi na mtaalamu, tafuteni hii. Woga wake una harufu ya kweli.

Kitabu chake, Going Rogue, kilitoka Novemba 2009, naye alisaidiwa na mwandishi Lynn Vincent. Kwa sehemu kubwa ni kitabu cha kulipiza visasi dhidi ya wapambe wa McCain, na kurasa hizo unaweza kuziruka usipungukiwe kitu. Lakini ndani yake imo barua. Kabla Trig hajazaliwa mama yake alishindwa kuwaambia jamaa na marafiki. Akaandika barua ya kuwaandaa, na aliyeitia saini si yeye; ni Muumba wa Trig, Baba wa Mbinguni. Mhakiki wa haraka atasema ni kufuru au ni kuuza sura. Mimi nimeisoma kwa utaratibu nikaona mwanamke ambaye "mimi" imemshinda. Gavana, mtu wa kuongea mbele ya maelfu, kakosa nafsi ya kusemea, kakimbilia nafsi kubwa kuliko zote. Kama fasihi inasisimua. Kama siasa inatisha, maana ukishazoea kumsemea Mungu, kumsemea mtoto wa miezi minne ni kazi nyepesi.

Na ahadi ya rafiki Ikuluni? Tarehe 24 Oktoba, 2008, Pittsburgh, alijaribu kuitia nyama. Aliahidi fedha kamili kwa sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu. Sheria hiyo ni ya mwaka 1975, na serikali kuu ya Marekani ilijiwekea lengo la kuchangia asilimia 40 ya gharama ya ziada ya kila mtoto. Haijawahi kulifikia, chini ya chama chochote. Kwa hiyo ahadi ilikuwa nzuri na ilikuwa mahali pake. Kisha, katika hotuba hiyohiyo, akadhihaki fedha za umma zinazotumika kuchunguza inzi wa matunda huko Ufaransa. Wanasayansi wakashika vichwa. Fedha zile zilihusu inzi wa zeituni, mharibifu wa mashamba, lakini inzi wa matunda kwa jumla ndiye aliyewafundisha wanabiolojia mengi wanayoyajua kuhusu kromosomu. Mama wa mtoto mwenye kromosomu ya ziada anamcheka inzi! Mwandishi wa tamthilia asingethubutu kubuni hilo, tungemwambia katia chumvi.

Kuna mtakaosema: basi wagombea wanyamaze tu, watoto wabaki nyumbani. Ukimya nao una historia yake. Rosemary, dada wa John F. Kennedy, alizaliwa 1918 akawa mzito wa kujifunza. Novemba 1941, akiwa na miaka 23, baba yake aliruhusu madaktari wamfanyie upasuaji wa ubongo ili atulie. Alitoka hapo hawezi kutembea wala kusema sawasawa. Alifichwa, na tangu 1949 aliishi kwa masista huko Jefferson, Wisconsin. Kaka yake alipogombea urais mwaka 1960, familia ile ilipigwa picha kila pembe, Rosemary hakuwemo. Hadi 1962 ndipo dada yao Eunice alipoandika gazetini kwamba wana ndugu mwenye ulemavu wa akili, na hata hapo upasuaji hakuutaja. Eunice huyohuyo alikuja kuanzisha michezo ya Special Olympics, Chicago, 1968, na Rais Kennedy alitia saini sheria za kusaidia watu hawa mwaka 1963. Mema mengi yalitoka kwenye familia hiyo, yakitokea kwenye chumba kilichofungwa. Ukimya wa akina Kennedy haukuwa heshima kwa Rosemary, ulikuwa heshima kwa kura.

Ufaransa kulikuwa na ukimya mwingine. Charles de Gaulle alikuwa na binti, Anne, aliyezaliwa 1928 na hali ya Down. Siku zile watu wa tabaka lake waliwapeleka watoto kama hao kwenye taasisi wakawasahau. Yeye na mkewe Yvonne walikaa naye, wakahama naye, hata vita vilipowafukuza kwenda Uingereza 1940. Jenerali yule mgumu kama mwamba alimwimbia na kumchezea. Baada ya vita wazazi hao walifungua nyumba ya wasichana wenye ulemavu karibu na Paris, yenye jina la Anne. Anne alifariki 1948 akiwa na miaka 20. De Gaulle alipofariki 1970 alizikwa kando yake, Colombey. Hakumpandisha jukwaani. Aliacha nyumba inayofanya kazi mpaka leo. Nikimlinganisha na wote niliowataja, huyu ndiye ninayemwona mwandishi bora wa jambo hili, na hakuandika.

Lakini bado hapo anayesema, au anayenyamaza, ni mzazi. Ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Februari 2010 kipindi cha katuni cha Family Guy kilikuwa na msichana mwenye hali ya Down ambaye, akiulizwa kuhusu wazazi wake, anasema mama yake aliwahi kuwa gavana wa Alaska. Palin alikasirika, akasema ni kama teke jingine la tumbo. Magazeti yakajaa hasira za niaba. Kumbe sauti ya yule msichana iliigizwa na Andrea Fay Friedman, mwigizaji mwenye hali ya Down, mtu mzima wa miaka 39. Akajibu mwenyewe kwamba utani ule ulimchekesha, na kwamba kwao kucheka ni jambo jema. Kisha akaongeza kwamba mama yake alimlea kama mtu wa kawaida. Hakumbeba kwapani kama mkate mrefu wa Kifaransa, jinsi Palin anavyombeba Trig kutafutia kura.

Soma tena. Sentensi moja, tashibihi moja, na imeisha kazi ambayo mimi nimeitolea jasho kurasa hizi zote. Mkate haulii, hauna maoni, unabebwa kwa sababu unaliwa. Mnakubaliana na hukumu yake? Mimi naona imemwonea kidogo Palin. Mama wa mtoto mchanga ambebe wapi kama si kwapani. Ila nguvu ya ule mfano inatokana na mahali ulipotoka. Mwaka huohuo Palin alitaka msaidizi wa Rais Obama, Rahm Emanuel, afukuzwe kazi kwa kutumia neno lenye maana kama "taahira" letu. Mtangazaji wa upande wake, Rush Limbaugh, alipolirudia neno lilelile, akasema hiyo ni tashtiti. Oktoba 2010 Obama alitia saini sheria ya kuliondoa neno hilo kwenye sheria za nchi yao.

Na letu je? Tuna taahira, zezeta, punguani, na tunavitupa kwenye hadithi kama njugu. Hata sarufi yetu imewatupa kipofu, kiziwi na kiwete kwenye ngeli ya kiti na kisu, halafu ikaona aibu ikawapa upatanisho wa watu. Katika miswada inayoletwa kwetu kipofu ni lazima awe na hekima, kichaa ni lazima aseme ukweli wa taifa, na mtoto mlemavu huzaliwa ukurasa wa pili ili baba mwovu aadhibiwe. Ni mikate ya kwapani hiyo. Mtoto akifa ukurasa wa tisa mwandishi anapumua, kwa sababu hakujua la kumfanyia. Anayeishi miaka 60 anahitaji riwaya nyingine: anapendana na nani, anafanya kazi gani, anakorofishana na nani, wazazi wakifa anabaki na nani.

Harriet McBryde Johnson, wakili wa Charleston, South Carolina, mwenye maradhi ya misuli tangu kuzaliwa, aliandika riwaya yake na kumbukumbu zake akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 2002 alikwenda Princeton kubishana ana kwa ana na mwanafalsafa Peter Singer, anayeona wazazi waruhusiwe kukatisha maisha ya baadhi ya watoto wachanga wenye ulemavu. Masimulizi yake ya mkutano huo yalitoka gazetini mwaka uliofuata. Anamchukia mtu yule? Hapana, na hicho ndicho kinachomsumbua yeye na msomaji pia: anamkuta mpole, msikivu, anayemsaidia hata mezani. Alifariki Juni 2008, miezi mitatu kabla ya ile hotuba ya St. Paul. Alikuwa mtu wa Democratic, mwenye ulimi. Ningetoa chochote kusoma ambavyo angeihakiki.

Septemba 2023, huko Valencia, Hispania, Mar Galcerán aliapishwa kuwa mbunge wa bunge la jimbo akiwa na miaka 45. Alikuwa amejiunga na chama chake, Partido Popular, tangu ana miaka 18, na amefanya kazi serikalini miaka mingi. Ana hali ya Down. Chama chake ni cha mrengo wa kulia. Wapo watakaompinga kwa hilo, na watalazimika kumpinga kwa hoja zake, si kwa za mama yake.